Kulungu, .303 na Sisi: Hesabu ya Risasi Ambayo Gusii Ilifunzwa kwa Nguvu

Wasee wa gemu, leo nawagusa kidogo. Kuna mtu hapa anajua tofauti ya 5.56 na 7.62 kwa moyo, anajua ni gani inatoboa helmeti na ni gani inaruka ukifyatua, lakini ukimuuliza ni risasi ya aina gani iliangusha watu wa kwao pale Manga na Kitutu miaka mia moja na kitu iliyopita, anakuangalia tu. Simlaumu. Shuleni tulifunzwa Maji Maji, tukafunzwa Mau Mau, halafu Gusii ikapewa aya moja, Otenyo na Moraa, mtihani ukaisha.

Sasa mi nataka tuingilie hii historia kwa mlango wa ajabu kidogo: swali la wawindaji. Wazungu wa Marekani kila msimu wa baridi ukikaribia wanabishana juu ya risasi inayofaa kuua deer, yule mnyama wa pembe za matawi. Mmoja anasema .243 inatosha, mwingine anasema bila .30-06 unacheza, babu fulani anatetea .30-30 ya mwaka 1895 kama vile ni dini. Ukiona ubishi wao unaweza kudhani ni ushabiki tu, kama Gor na AFC. Kumbe ndani ya huo ubishi kuna swali zito sana: ni kiasi gani cha chuma kinatosha kuua kiumbe haraka, bila kumtesa? Na ukishalielewa hilo swali, historia yetu inaanza kusomeka vingine kabisa.

Kwanza niondoe kitu kimoja njiani. Kenya haina deer. Hata mmoja wa porini hatuna. Afrika nzima wale wa asili wako kule kaskazini tu, upande wa milima ya Atlas. Sisi tuna kulungu, swala, kongoni, pofu, korongo, digidigi. Tofauti iko kwenye pembe: deer huangusha zake kila mwaka zikaota upya, hawa wetu wanazaliwa na mpango wa kukaa na pembe moja maisha yote, kama ng'ombe na mbuzi, ambao kwa kweli ndio ndugu zao. Waliotafsiri Biblia walipofika kwa yule mnyama wa Zaburi ya 42 walimwita ayala. Kamusi nyingine zinamwita kulungu na kusonga mbele. Basi mi pia nitasema kulungu, mradi tuelewane.

Neno kaliba nalo lina mambo. Tunasema "mtu wa kaliba yako hawezi fanya hivyo," tukimaanisha hadhi. Lakini mzizi wake ni Kiarabu, kalibu, ile chombo ya kumiminia chuma kilichoyeyuka ili kipate umbo. Wafaransa nao walilichukua hilo hilo neno wakalitia kwenye bunduki: upana wa tundu la mtutu. Kwa hivyo tukisema kaliba ya .303, tunamaanisha tundu la inchi 0.303, yaani milimita 7.7. Na hapa wale wa gemu wakae vizuri: namba zenyewe zinadanganya. Risasi ya .308 ni nyembamba kuliko ya .303. Ndiyo. Kwa sababu Waingereza walipima tundu kabla ya mikwaruzo ya ndani, na Wamarekani wakapima risasi yenyewe. Halafu 7.62 ya AK na 7.62 ya G3 zina upana karibu sawa lakini ganda la G3 ni refu, milimita 51 kwa 39, linabeba baruti nyingi zaidi, na nguvu inayotoka mdomoni mwa mtutu inapita ile ya AK kwa zaidi ya nusu. Upana peke yake hauambii kitu.

Nguvu ya risasi ni uzito wake mara kasi, mara kasi tena, gawanya kwa mbili. Chuo niliacha lakini fizikia ya sekondari haijaniacha. Ona vile hii hesabu ilibadilisha dunia.

Kabla ya 1888, askari wa Uingereza walikuwa na Martini-Henry. Risasi yake ilikuwa donge la risasi nzito, milimita 11 na kitu, gramu 31, ikienda mita 400 hivi kwa sekunde. Baruti yake ilikuwa nyeusi, na ukifyatua wingu la moshi linakaa mbele yako kama mtu amechoma taka. Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 akatengeneza baruti isiyo na moshi. Kila jeshi Ulaya likakimbia kubadilisha bunduki. Uingereza ikachukua .303 mwaka 1888, na miaka mitatu baadaye ikatiwa baruti mpya waliyoiita cordite. Sasa risasi ilikuwa gramu 14, chini ya nusu ya ile ya zamani, lakini ikienda mita 600 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: zote mbili zinakuja karibu jouli 2,500. Nguvu ile ile, nusu ya uzito. Askari anabeba risasi mara mbili zaidi mgongoni, hakuna moshi wa kumuonyesha, na risasi inaruka njia iliyonyooka zaidi kwa hivyo hata mlengaji mbovu anapata.

Kwa wawindaji pia ilikuwa sherehe. Bunduki nyepesi, mgongano mdogo begani, unapata swala akiwa mbali. Lakini malalamiko yalianza haraka, na yalitoka kwa wanajeshi kule mpaka wa India: risasi mpya ni nzuri mno kwa kutoboa. Inaingia mbele, inatoka nyuma, tundu dogo, na mtu anaendelea kukuja. Risasi yake ilikuwa imefunikwa shaba na nikeli yote, ikabaki ngumu, haipanuki.

Jibu lilitoka kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta. Kapteni Neville Bertie-Clay aliacha ncha ya risasi bila kufunikwa, ile laini ikabaki wazi. Ikigonga nyama inafunguka kama uyoga, inaachia nguvu yote ndani. Ndiyo ile dunia iliita dumdum.

Mwaka 1899 mataifa yalikaa The Hague yakasema hapana, risasi zinazopanuka mwilini zisitumike vitani. Uingereza ilikataa kutia sahihi. Mjumbe wao, Sir John Ardagh, alitetea kwamba askari wa nchi iliyostaarabika akipigwa risasi anajua amejeruhiwa na anajilaza, lakini "mshenzi" hasimami, anaendelea kukushambulia. Ilichukua hadi 1907 kwa Uingereza kukubali. Na hata hapo, soma masharti: katazo lilikuwa kwa vita kati ya nchi zilizotia sahihi, basi. Gusii haikuwa kwenye orodha. Nandi haikuwa. Mtu yeyote mwenye mkuki hakuwa.

Sasa weka kando hiyo, uangalie sheria ya kuwinda kulungu Uingereza, ya mwaka 1991. Inasema ukitaka kumpiga kulungu kwa bunduki ya mtutu wa mikwaruzo, kaliba isiwe chini ya .240, nguvu isipungue jouli 2,305, na risasi lazima iwe ya ncha laini au ya ncha yenye tundu. Yaani lazima ipanuke. Risasi ngumu ya kijeshi ni kosa, kwa sababu inamtoboa mnyama akaenda kufa polepole kichakani siku mbili baadaye. Kwa hivyo ile risasi ambayo ni ukatili kwa mwanajeshi ni huruma kwa kulungu. Mantiki ipo, siikatai: kulungu unataka afe papo hapo, askari unataka tu aache kupigana, apone, arudi nyumbani. Kinachoniuma ni kujua watu wetu waliwekwa upande gani wa huo mstari wakati ulipochorwa.

Turudi nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Abagusii walikuwa wametoka kuwapiga Wakipsigis vita vya Saosao, huko Nyamira ya leo. Ilikuwa mkuki kwa mkuki, mshale kwa mshale, na vijana waliokuwa wakilinda ng'ombe kwenye kambi, zile ebisarate, walijiona hakuna wa kuwaweza. Walikuwa na haki ya kujiona hivyo. Hawakuwa wameona bunduki ya maana. Waswahili wa pwani na misafara yao walipita mbali kidogo na milima yetu.

Septemba 1905 wakaja askari wa King's African Rifles na polisi, na Maxim moja. Kama hujui Maxim ni nini, ni bunduki inayotumia teke la risasi moja kujipakia nyingine, risasi 500 au zaidi kwa dakika, mtutu umezungushiwa maji usiyeyuke. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa ng'ombe. Robert Foran, polisi Mzungu aliyekuwepo, aliandika baadaye kwamba Maxim ilifanya kazi muda mrefu hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa joto, na mamia ya watu wa mikuki wakawa wamelala mbele ya mstari wa askari, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Mamia, si kumi wala ishirini.

Nataka mfikirie umbali hapa, kwa sababu ndio siri ya kaliba. Mkuki unarushwa mita 30, mtu hodari labda zaidi kidogo. Bunduki ya wakati huo inaua mita 400 bila shida. Kijana wa Gusii akikimbia kwa kasi ya ajabu, kwenye mteremko, na ngao, anahitaji zaidi ya dakika moja kufunika hizo mita 370 za katikati. Kwa dakika hiyo Maxim imetema risasi zaidi ya mia tano. Ushujaa haukuwa umepungua popote. Hesabu ndiyo ilikuwa imebadilika na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Mwaka 1907 serikali ikafungua kituo Getembe, hapo mjini Kisii penyewe, na kumweka afisa kijana, Geoffry Northcote. Wazee walimwita Nyarigoti, jina limebaki mpaka leo. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere akamchoma mkuki. Moraa Ng'iti, yule mama nabii wa Kitutu, ndiye inasemekana aliwachochea vijana, akawaambia wageni wataondoka. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, akaishia kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo hakuishia popote: simulizi za kwetu zinasema alikatwa kichwa na kichwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo kuna watu Gusii wanaodai kirudishwe.

Kilichofuata mkuki mmoja ni safari ya kuadhibu. Vijiji vikachomwa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa, na hesabu ya waliouawa ikapita mia. Hesabu hizo zikafika London kwa simu ya waya, mezani kwa naibu waziri wa makoloni, kijana mmoja anaitwa Winston Churchill. Mwezi wa pili 1908 Churchill alituma maneno makali akiuliza kama kweli kuna haja ya kuendelea kuua watu wasio na ulinzi kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Inabidi nimpe haki yake, aliuliza. Lakini kumbuka alikuwa ametoka kutembea hapa Kenya miezi michache tu kabla, mwisho wa 1907, akawinda kifaru karibu na stesheni ya Simba na kuandika kitabu kizima cha safari. Alijua vizuri sana risasi hufanya nini ikifika.

Mwaka uliofuata, 1909, ndipo akaja mgeni mkubwa zaidi. Theodore Roosevelt, ametoka tu ikulu ya Marekani, na mwanawe Kermit. Huyu jamaa ndiye mfano wangu mzuri wa mtu anayechagua kaliba, kwa sababu alikuja na jibu kwa kila swali. Springfield ya .30-06 kwa swala na kongoni. Namba hiyo inamaanisha .30 ya mwaka 1906, kwa hivyo ilikuwa na miaka mitatu tu sokoni, kitu kipya kabisa. Winchester ya .405 kwa simba. Na Holland & Holland ya mitutu miwili, .500/.450, kwa tembo na vifaru, yenye risasi ya gramu 31 na nguvu inayozidi mara mbili ile .303. Alipita Mau kuelekea nyika walizoziita Sotik wakati huo, upande wa Narok ya leo, jirani zetu kabisa. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512. Macho yake yalikuwa mabovu na alikubali mwenyewe kwamba si mlengaji hodari, kwa hivyo alifyatua sana. Wale wa makumbusho ya Smithsonian walipata ngozi zao.

Leseni yake iligharimu pauni 50. Rupia za wakati huo zilikuwa 15 kwa pauni, kwa hivyo ni rupia 750. Kodi ya nyumba kwa Mwafrika ilikuwa rupia 3. Yaani ruhusa ya mtu mmoja kuwinda ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250. Kijiji kizima na kingine. Na sheria hiyo hiyo ndiyo ilimfanya mzee wa kwetu aliyetega mtego wa kamba ashike kulungu mmoja awe mhalifu. Mwenye bunduki tatu aliitwa mwanaspoti. Mwenye mtego aliitwa jangili.

Kabla hujaniambia Waafrika hawakujali wanyama, Gusii ukoo wako ulikuwa na mnyama wake wa heshima. Watu wa Kitutu ni chui, Bonchari ni kiboko. Ukiuliza sokoro yako atakuambia wa kwenu ni nani, na utashangaa vile anamtaja kama jamaa.

Kuna mwindaji mwingine lazima nimtaje kwa sababu anaharibu ubishi wote wa Wamarekani. W.D.M. Bell, Mskoti, aliyewinda Karamoja, Uganda, kiasi kwamba wakamwita Karamojo Bell. Wakati wenzake wanabeba mizinga, yeye aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni Mauser ya milimita 7, risasi ambayo leo duka lolote la Marekani litakuambia ni ya kulungu. Alifanyaje? Alipasua vichwa vya tembo waliokufa akasoma ubongo umekaa wapi, kutoka kila pembe, halafu akaweka risasi ngumu hapo tu. Ni hadithi ya kutisha, elfu moja ni elfu moja, pembe zote zilienda sokoni. Lakini kiufundi alimaliza mjadala: mahali risasi inapofika kunashinda upana wake. Kwa kulungu ni vivyo hivyo. Nyuma kidogo tu ya bega, kwenye mapafu na moyo, .243 inamwangusha ndani ya sekunde chache. Tumboni, hata .500 itamwacha akikimbia na matumbo nje. Mtu akikuuliza kaliba gani, jibu la uaminifu ni ile ambayo hutaogopa teke lake, kwa sababu anayeogopa teke hufumba macho.

1914 nitaipitia haraka. Septemba Wajerumani wakavuka kutoka Tanganyika wakaingia Kisii, tarehe 12 wakapigana na KAR hapo mlimani, pande zote zikaumia, Wajerumani wakarudi. Mji ulipobaki bila mwenyewe watu wakaubeba, maduka na ofisi. Waingereza waliporudi kukawa na adhabu tena. Kitu cha kaliba hapo ni kimoja: askari wengi wa Mjerumani mwaka huo bado walikuwa na Mauser ya 1871, milimita 11, baruti nyeusi. Kila wakifyatua moshi unawaonyesha walipo. Unapewa bunduki ya zamani kwa sababu wewe ni askari Mwafrika, halafu moshi wako ndio unakuua. Halafu vijana wetu wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo, lile jeshi la wabebaji ambalo ndilo lilizaa jina Kariakor.

Borabu, ile sehemu ya Nyamira ya mashamba makubwa na chai, ilikuwa ya walowezi mpaka uhuru ulipokaribia, ndipo ikagawanywa kwa familia zetu, Nyansiongo na kwingine. Mlowezi alikuwa na bunduki ukutani kama sisi tulivyo na remoti ya TV. Mwafrika kumiliki ilikuwa karibu haiwezekani. Kwa hivyo hatukuwahi kuwa na utamaduni wa kuwinda kwa bunduki, na tulipopata nchi, wanyama milimani kwetu walikuwa wameshaisha kwa kulima na kwa watu kujaa. Mei 1977 serikali ya Mzee Kenyatta ikapiga marufuku uwindaji wa michezo nchi nzima. Tanzania, baada ya kusimamisha kwa muda miaka ya sabini, wanaendelea na leseni zao mpaka leo. Sisi hapana. Ukitaka kumuona korongo, swala mkubwa wa kilo 250 na zaidi, wa mwisho wa Kenya wako Ruma, Homa Bay, mwendo wa saa chache kutoka Kisii mjini, na ni wachache mno.

Mi naunga mkono hiyo marufuku, na sababu yangu ni ya hesabu tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 1.27 Kisii na laki sita Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Risasi ya .30-06 ukiikosea ikapita juu ya kulungu, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu kabla ianguke. Mwindaji mzuri wa Texas atakuambia kitu cha kwanza kabla ya kaliba ni kuangalia nyuma ya mnyama kuna nini. Kwetu nyuma ya mnyama kuna shamba la ndizi, nyuma ya ndizi kuna jikoni ya mtu, nyuma ya jikoni kuna shule. Hakuna kaliba iliyotengenezwa ya mahali kama hapo.

Lakini kuna bunduki inafyatuliwa hapo. Na ndio maana nimeandika hii yote.

Bunduki ambayo polisi wetu wameibeba kwa miaka mingi ni G3. Inatumia 7.62 kwa 51. Hiyo risasi ni pacha wa .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, ambayo ni mojawapo ya risasi zinazopendwa zaidi Marekani kwa kulungu. Sisemi ni kitu kimoja kabisa, viwango vya shinikizo vinatofautiana kidogo, lakini vipimo na nguvu ni kama ndugu waliovaa sare. Jouli 3,300 na zaidi. Sheria ya Uingereza inataka 2,305 kwa kulungu dume wa kilo mia moja na kitu. Juni 2024 risasi za namna hiyo zilikuwa barabarani, na mbele yake kulikuwa na vijana wa umri wetu, wengi kilo 60 hivi, mkononi simu na chupa ya maji. Kufikia tarehe 1 Julai, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu waliokufa 39, na hiyo haikuwa hesabu ya mwisho.

Mwindaji akienda porini anapewa sheria kuhusu kaliba, nguvu, aina ya ncha, umbali, saa za mchana, na akimjeruhi mnyama lazima amfuate mpaka ammalize. Kuna fomu. Kuna mtu wa kuuliza. Churchill mwenyewe, pamoja na mambo yake yote, alitaka kujua kwa nini hesabu inapanda. Maze, mi nauliza swali lile lile alilouliza, miaka 116 baadaye, na nashangaa kwamba bado ni swali gumu.

Ganda la risasi likitoka bunduki linaanguka chini, na nyuma yake, kwenye kile kiduara cha shaba, kwa kawaida kumechongwa alama ya kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Herufi mbili tatu na namba. Ukiliona barabarani usilibebe nyumbani, sheria ya silaha haina utani na utajitia matatani bure. Weka sarafu ya shilingi kumi kando yake ionyeshe ukubwa, piga picha upande wa urefu, piga nyingine ya karibu kabisa ya hicho kiduara, mahali paonekane, na saa. Otenyo hakuna mtu aliyempigia picha hata moja ya aina hiyo, na ndiyo sababu mpaka leo tunabishana kichwa chake kiko kabati gani.